Ngozi ya Mbuzi wa Watu

Kwetu, mbuzi wa watu akifia mkononi mwako, nyama ni yako lakini ngozi ni ya mwenyewe. Unaichuna bila kuitoboa, unaianika, unaikunja, unampelekea huko anakoishi, hata kama ni mbali. Ukifika hupewi pole kwanza. Ngozi inafunuliwa, alama ya sikio inatafutwa, mkono unapitishwa juu ya manyoya, ndipo watu waulizane habari za nyumbani. Ngozi ndiyo shahidi kwamba mbuzi hakuuzwa kimyakimya soko la Ishiara.

Mbuzi wetu wengi hawakuwa wetu. Walikuwa wa mzee mmoja wa Githongo, kule juu kwenye kahawa, ambako mashamba yamejaa mpaka mlangoni na mbuzi hana pa kukanyaga. Yeye na Baba walijuana ujanani, wote wakiwa vibarua wa barabara. Walikubaliana hivi: yeye alete mbuzi majike, sisi tuwachunge huku chini vichakani. Maziwa tunywe sisi. Katika kila watoto watatu wanaozaliwa, mmoja awe wetu. Mapatano hayo yalitaja fisi, yalitaja mto ukifurika, yalitaja wezi. Kila balaa ilikuwa na jibu lake. Na yalisema kwamba ngozi tatu zikienda juu katika msimu mmoja, mwenye mbuzi anaweza kuja kuwachukua wote. Hatamwita mtu mwizi wala mvivu. Atakuja tu na kamba. Lakini mtu akipita sokoni Ishiara amebeba kamba nyingi na nyuma yake kuna mbuzi waliotoka kwako, hakuna asiyeelewa. Baada ya hapo hakuna mtu mwingine atakayekuwekea mbuzi.

Nilipofunga shule Desemba, mwisho wa fomu tatu, ngozi mbili zilikuwa zimeshaenda, zote za vitoto.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hiyo mambo yaliyofuata yataonekana rahisi. Mimi nina aibu. Wageni wakija naingia jikoni, na chai nampa Mama aipeleke. Darasani mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake nalijua kabisa, naangalia dawati. Watu hudhani sina la kusema. Ninalo. Aibu si ujinga, na nikishika kalamu naona wazi kwamba kichwa changu kiko sawa kuliko vichwa vingi vinavyopiga kelele.

Ile ngozi ya pili ilipofika Githongo, jibu lililetwa na mama mmoja anayeteremsha ndizi hadi soko letu. Alilitoa hapo hapo sokoni, mbele ya wauza ndizi wenzake na wanunuzi wao, kana kwamba anatangaza bei. Alisema mke wa mwenye mbuzi ameangalia ngozi, amesikia kwamba watoto hao walikufa wakiwa na tumbo kubwa na miguu ya vijiti, na anauliza hivi: huko chini chai haiteremki kooni mpaka maziwa ya watoto yamalizwe?

 Mama alichagua ndizi zake, akalipa, akarudi nyumbani. Jioni hiyo chai ililetwa ikiwa ya rangi. Kesho yake pia. Tangu hapo nyumbani kwetu tulikunywa turungi, chai isiyo na maziwa, asubuhi na jioni, na Baba hakuuliza kwa sababu alijua. Kila tone la maziwa liliachiwa vitoto. Mama alikuwa anasimama pale bandani kuhakikisha wananyonya, mikono kiunoni, kama mwalimu wa zamu.

Na bado walivimba.

Hilo ndilo lililonifanya niangalie vizuri. Mtoto anayenyonya mpaka anaacha mwenyewe hawezi kuwa na njaa ya maziwa. Lakini hawa walikuwa na tumbo kama debe na shingo kama ufito. Manyoya yalisimama, mkia ulikuwa umelowa wakati wote. Ilikuwa baada ya mvua, na nyasi mpya zilikuwa zimeota kando ya mto, laini, na umande wa asubuhi juu yake. Tuliwapeleka huko mapema kila siku tukidhani tunawapendelea.

Kazi yangu ya likizo ilikuwa kufagia banda. Asubuhi moja niliona kuku wawili wanagombania kitu kwenye mavi ya vitoto. Niliinama. Kulikuwa na punje nyeupe, bapa, kama mchele uliopikwa. Mama alipita nyuma yangu na ndoo.

"Nani amemwaga wali hapa?" akauliza.

Sisi wali tunakula Krismasi, na Krismasi ilikuwa bado. Nikamwonyesha punje moja kwa ncha ya ufagio. Ilikuwa inajivuta polepole, kama mtu anayejinyoosha kitandani. Mama aliweka ndoo chini.

Mwalimu wetu wa kilimo alikuwa ametufundisha juu ya tegu, yule mnyoo bapa anayeishi kwenye utumbo na kujikatakata vipande. Alichora wa ng'ombe na wa nguruwe ubaoni, darasa likacheka, na wa mbuzi akamtaja kwa sentensi moja tu, kwamba mbuzi na kondoo wana wao wanaowapata kwenye nyasi. Wenzangu waliridhika na sentensi hiyo. Mimi sikuridhika, lakini kuuliza ni kazi kubwa kwangu, kwa hivyo nilienda maktaba nikasoma mwenyewe. Ndiyo faida moja ya aibu.

Nilimweleza Mama tukipepeta maharagwe. Mama akamweleza Baba wakati wa kula, na mimi nikiwa papo hapo na sahani yangu. Baba alijibu kupitia kwa Mama, kama kawaida yake akizungumza na mimi. Alisema niambiwe kwamba hakuna mbuzi asiye na minyoo, kwamba yeye amekula mbuzi wenye minyoo tangu azaliwe, na kwamba mbuzi hawa wakubwa wote wanayo na wananona. Hakukosea, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Mbuzi mkubwa humbeba tegu bila hata kujua anaye. Anayeangushwa ni mtoto.

Wa tatu alikufa katikati ya wiki, tukiwa shambani tunapalilia. Alikuwa jike wa kahawia mwenye doa jeupe kipajini, na ndiye aliyekuwa amezoea kunifuata mpaka mlango wa choo. Tulimkuta amelala karibu na kihori, tumbo limekaza kama ngoma. Sikulia. Nilimwangalia Baba. Uso wake ulikuwa wa mtu anayezisikia zile kamba sokoni.

Alimtundika kwenye mti wa mukau akamchuna, polepole, vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akichuna mbuzi yeyote wa sikukuu. Ngozi ilitoka safi. Halafu alitoa matumbo, akayaangusha kwenye beseni nililoshika, akaniambia niyatupe kwa mbwa.

Sherehe zikiwapo kwetu, kuosha matumbo ni kazi ya wasichana. Wanaume wanachinja, wanakula figo, wanaeleza habari za wabunge, sisi tunaosha. Kwa hivyo mkono wangu unajua utumbo wa mbuzi. Nilipoinua ule, ulikuwa mzito mahali ambapo haupaswi kuwa mzito.

"Baba, nipe kisu," nikasema.

Nadhani alinipa kwa mshangao tu. Niliupasua utumbo mwembamba kwa urefu, na ndani yake kulikuwa na kitu kama futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa, nyeupe, imekunjwa na kukunjwa mpaka haina nafasi. Nilivuta. Ikaja. Nikavuta zaidi, na ikaendelea kuja.

Baba alichuchumaa. Ni mara ya kwanza kuniuliza kitu bila kupitia kwa Mama.

"Hii yote ilikuwa ndani ya kitoto hiki?"

"Kuna mwingine hapa chini," nikasema.

Aliitazama ngozi iliyokuwa begani mwake. Akasema hiyo ngozi ni nzuri na haina kosa, na haiwezi kuonyesha hata kidogo kitu tulichokuwa tunakiona.

"Basi ipelekwe hiyo nyingine," Mama akasema nyuma yetu.

Baba alikataa. Alisema hajasikia mtu aliyeingia kwa mwenzake na matumbo ya mzoga, kwamba hayo ni matusi, kwamba ngozi ndiyo desturi na mengine ni ya kutupa. Mama alimwacha amalize.

"Mimi nilitukanwa mbele ya ndizi zote za Meru," akasema. "Yeye atanusa kidogo tu."

Ikabaki swali la nani ataeleza. Baba alisema yeye hawezi kwenda kumweleza mzee mwenzake mambo ya kitabu ambacho hakukisoma. Mama hakubishana. Alinitazama tu, na nilijua atakalosema. Alisema aende aliyesoma.

Tulitia kipande cha utumbo pamoja na wale tegu kwenye maji ya chumvi nyingi. Mkebe uliokuwa na kifuniko cha kubana ulikuwa mmoja tu, ule wa bati ambao Baba hubebea asali. Nikaufunga kwa kipande cha leso.

Safari yenyewe sina haja ya kuieleza, isipokuwa pale Makutano, tulipokuwa tunangoja gari la Githongo. Kijana mmoja anayepakia magunia kwenye lori alituangalia, akamwona mzee wa huku chini, koti la kaki, binti, mkebe.

"Mzee wa Mbeere," akamwita Baba, "fungua hiyo asali nionje, koo imekauka."

Baba akamwambia imeshanunuliwa. Sikuwahi kumsikia Baba akidanganya kabla ya siku hiyo, na alidanganya vizuri. Lakini tungejua kusoma dalili, kijana yule alikuwa ametuonya. Mtu wa chini akipanda juu na mkebe, hakuna anayeuliza ndani kuna nini.

Githongo ni baridi, na kila kitu ni kijani. Nyumba ya mzee ilikuwa ya mbao, imezungukwa na kahawa, na nyuma kulikuwa na ng'ombe wa gredi analia kwa shibe. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Alitukaribisha kwa Kimeru, Baba akajibu kwa Kimbeere. Lugha hizo zinasikizana nusu nusu. Zinatosha kwa salamu na mvua. Maneno mazito yakifika watu huingia Kiswahili, ambacho si cha mtu yeyote, kwa hivyo hakuna anayeshindwa nyumbani kwake.

Bibi yake alitoka, akatupa mkono, akaona mkebe. Aliupokea kutoka kwangu kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema asante na Mungu awabariki, akaenda nao jikoni. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Nikamgeukia Baba. Lakini Baba alikuwa ameshaitoa ngozi, na mzee ameshaifunua mapajani, na wakati ngozi inatazamwa hakuna anayesema. Ni kama sala. Mzee alitafuta alama ya sikio. Akapitisha mkono. Nilimsikia akisema, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba hii ni ya tatu, kwamba yeye hana neno baya na mtu yeyote, na kwamba angependa kuteremka kabla ya mwaka kuisha. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa, akingoja zamu yake. Na kutoka jikoni nikasikia droo ikifunguliwa na vijiko vikigongana.

Niliinuka bila ruhusa. Nikaingia jikoni.

Alikuwa ameuweka mkebe mezani, karibu na mkate, na amefungua leso. Ncha ya kisu ilikuwa imeshaingia chini ya kifuniko.

"Mama, hiyo si asali," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo sana, na ng'ombe alikuwa analia. Hakusikia. Akakandamiza kisu. Basi nikaweka kiganja changu juu ya kifuniko, kwa nguvu, mkono wangu juu ya mkono wa mama wa watu, jikoni kwake.

"Ni matumbo," nikasema. "Ya yule mbuzi. Pamoja na kilichomuua."

Alinitazama. Akautoa mkono wake chini ya wangu taratibu.

"Mwari," akasema, "mmeniletea matumbo karibu na mkate?"

"Nilitaka tufungulie nje."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Nadhani ulikuwa mbaya sana, kwa sababu hakukasirika kama alivyokuwa na haki ya kukasirika. Aliuinua mkebe kwa vidole viwili, akapita nao sebuleni mbele ya wanaume, akawaambia kwa Kimeru kitu ambacho hata kwa nusu yake nilikielewa vizuri. Wakatoka wote.

Tulitandika jani la mgomba chini ya kahawa. Nilifungua mimi. Harufu ilikuwa ile ya kweli, chumvi au si chumvi, na mzee akavua kofia akajiziba pua. Nilimwinua tegu kwa kijiti mpaka akaning'inia, akanyooka, na bado sehemu yake ilikuwa mkebeni. Wanaume walirudi nyuma kidogo. Bibi alichuchumaa karibu kuliko wote.

"Kwa hivyo mbuzi wangu alikufa ameshiba," mzee akasema. Ilikuwa mzaha, lakini ulikuwa na ncha.

"Hapana," nikasema. "Alikufa na njaa. Aliyeshiba ni huyu."

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kidogo. Niliwaeleza nikiangalia kijiti. Kipande kinakatika, kinatoka na mavi, kina mayai ndani. Kwenye nyasi kuna kidudu kidogo kuliko chembe ya unga, kidudu kinachopenda umande, na hicho kinakula mayai. Mtoto wa mbuzi anakula nyasi mbichi pamoja na kidudu. Ndani ya tumbo, tegu anakua. Mtoto akiwa nao wachache atawashinda, wakiwa wengi wanamziba. Bibi akauliza kama wanaweza kuingia kwa watu walioshika au waliokunywa maziwa. Nikamwambia huyu wa mbuzi haji kwetu, na kwa maziwa hapiti.

Alikuwa amelitaja neno hilo mwenyewe, maziwa. Nilimtazama Baba, nikaona kwamba yeye hatalisema, kwa sababu ni mwanaume na ni mgeni. Basi nikalisema mimi.

"Tangu tupate salamu zenu Mama hajatia maziwa kwenye chai. Nyumbani tunakunywa turungi. Maziwa yote wanapewa watoto, na bado wamevimba."

 Bibi aliinuka, akapangusa magoti, akamwaga yaliyobaki mkebeni juu ya jani, akaenda nao nyuma ya nyumba.

Mzee akauliza kama dawa ipo. Nikasema ipo, dukani, ya kumimina mdomoni. Basi kwa nini hamkuwapa, akauliza, na safari hii hakukuwa na mzaha.

"Hatukukubaliana juu ya dawa," Baba akasema.

Ilikuwa kweli. Wazee wawili walisimama juu ya jani la mgomba wakipitia mapatano yao yote, fisi, mto, wezi, na wakaona kwamba adui pekee waliyemsahau ni huyu anayekaa ndani. Mzee alicheka kidogo puani. Akasema basi tukubaliane sasa: dawa itoke kwake, kazi itoke kwetu, na vitoto visifike kando ya mto kabla ya jua kukausha umande, kwa sababu hilo nilikuwa nimelisema na alikuwa amelishika. Baba akasema sawa.

"Na atakayesoma maandishi ya chupa awe huyu," mzee akaongeza, akininyooshea kofia.

"Na mbuzi?" Baba akauliza.

"Mbuzi wana nyumba tayari."

Nikaangalia miguu yangu. Lakini nilisikia.

Kwetu na kwao chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Tulipoinuka kuondoka bibi alileta mkebe. Alikuwa ameusugua kwa majivu na maji ya moto mpaka bati likang'aa, na alikuwa ameujaza maziwa ya yule ng'ombe wake. Hakusema ni ya nini. Aliniambia tu, "Mpe mama yako mkononi. Usimpe mtu mwingine." Mzee alitusindikiza mpaka Makutano, kwenye duka la dawa za mifugo, akanunua chupa, akanipa mimi niibebe.

Dawa tuliwapa asubuhi iliyofuata, na naiandika hapa kabla ya chai kwa sababu chai ndiyo mwisho. Baba alishika, mimi nikamimina kando ya ulimi taratibu, kipimo kulingana na ukubwa. Baadaye tegu walitoka, futi baada ya futi, na Baba aliwachoma moto wote huku akiwafukuza kuku. Vitoto viliendelea kuwa vibaya kwa siku kadhaa, halafu mmoja akaruka juu ya kihori bila sababu, na mwingine akamwiga.

Sasa chai. Jioni ile tuliyofika kutoka Githongo nilimpa Mama mkebe mkononi kama nilivyoambiwa. Alifungua, akanusa, akaufunga. Akauliza aliyeuosha ni nani.

"Yeye mwenyewe. Kwa majivu na maji moto."

"Alisema nini?"

Nikamwambia. Mama alikaa na mkebe mapajani, kama mzee alivyokaa na ngozi. Kisha akawasha moto, akamimina maziwa yote kwenye sufuria, akatia majani, akangoja yachemke mpaka yapande, akapunguza moto, akayaacha yapande tena. Alijimiminia kikombe kikubwa akanywa bila haraka, huku anaangalia njia ya kwenda juu. Akammiminia Baba, naye Baba akanywa, akafuta masharubu.

Akaniletea changu. Nilikiangalia. Ndani ya mkebe ule nilikuwa nimetia kitu kwa mikono yangu, na majivu ni majivu tu.

Nikaomba turungi.